Kwa Bibi, Langoni Lamu: samaki mzuri, lakini kilichonirudisha pale kila siku ni maneno

Mwezi uliopita nilikaa Lamu siku sita na siku tano kati ya hizo nimekula mahali pamoja tu, manake sikuona sababu ya kwenda kwengine. Hicho kihoteli hakina bango. Ukiuliza jina utaambiwa "kwa Bibi" basi, kiko Langoni, unatoka Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, unakata kichochoro cha kupanda juu, unapita chini ya wikio moja, hicho chumba kinachounganisha nyumba mbili juu ya njia, alafu ufuate harufu ya mahamri. Meza nne, mabenchi ya mbao, jiko la makaa uani, na baraza nje ambapo wazee wananywa kahawa. Naandika kwa ajili ya chakula ndio, lakini zaidi naandika kwa ajili ya vile yule Bibi anavyosema na watu, manake mi ni mwalimu wa Kiswahili huku Malindi na hivi viashiria, huyu na huyo na yule, nimevifunza ubaoni miaka mingi sana bila kuviona vikifanya kazi kama nilivyoviona pale.

Nianze na chakula, mwenye njaa asome aende zake. Asubuhi kuna mahamri, mbaazi za nazi, viazi vya karai na chai ya maziwa yenye hiliki na tangawizi. Mahamri mepesi, yamefura vizuri, hayajanywa mafuta. Mbaazi tui lake ni la nazi ya kukunwa palepale, sio la pakiti, ukichovya hamri inatoka imevaa. Mchana wali wa nazi na samaki, wa kukaanga ama wa kupaka, pamoja na ndimu na achari ya embe. Asubuhi nilikuwa nalipa 120 hivi, mchana 350, na M-Pesa wanapokea, utapewa namba ya mjukuu. Mabaya yapo pia, chai inapikwa na sukari tayari kwa hivyo kama hutumii sukari sema mapema kabla hajateleka nyingine, mabenchi ni membamba mgongo utauma, na samaki sio kila siku wanakuwa wazuri, kusi likivuma bahari inachafuka na utapewa kilichopatikana. Mbaazi saa tatu zishakwisha.

Sasa nieleze hilo jengine.

Siku ya kwanza nilifika nikiwa nimekasirika. Mkoba wangu mmoja ulikuwa umebaki ndani ya basi, na mi nshavuka Mokowe na boti nshafika jeti ya Lamu ndo nagundua. Nikapiga simu kwa kampuni ya basi, kwanza ikanisemesha mashine, bonyeza hiki bonyeza kile, simu yako ni muhimu kwetu, mara tano sita hivi. Alafu akaja kijana, akanisikiliza, akasema hawezi kujua mpaka kesho, na kabla sijameza mate akasema "naweza kukusaidia na nini kingine leo?" Sina kinyongo na huyo kijana, ameandikiwa vya kusema. Lakini angalia hilo neno, kukusaidia, mimi nimo mule ndani, hiyo "ku" ni mimi, sarufi haina kosa hata kidogo, na bado nilihisi hakuna mtu anayenisemesha. Alikuwa anamsemesha mteja, yeyote yule, angekuwa mwengine angeambiwa vilevile herufi kwa herufi.

Nikaingia kwa Bibi na uso wangu huohuo. Nimepiga hodi, nikajibiwa "karibuni, karibuni" na mimi ni peke yangu. Akaniangalia kidogo akasema, "Pole mwanangu. Nikutilie chai kwanza, alafu utasema?"

Hakuniuliza nina nini. Na hajasema chai ipo. Kule mjini nimezoea "chai ipo, kahawa ipo, soda ipo", ambayo ni habari ya chai, hata ungeibandika ukutani ingetosha. Nikutilie ni kitenzi ambacho mimi nimeshakaa ndani yake kabla kikombe hakijaguswa, na hiyo "alafu utasema" inamaanisha ameshaona kuwa nina la kusema ila sio sasa. Na ile karibuni kwa mtu mmoja si makosa, wanaodhani ni makosa wanakosea, mtu akija mlangoni Bibi anamkaribisha na waliomtuma na walioko nyuma yake na nyumba aliyotoka. Ni kama salamu yenyewe, asalamu aleikum, ukiichambua kwa Kiarabu hiyo "kum" ni ya watu wengi na tunampa hata mtu mmoja. (Mkoba ulipatikana kesho yake, nisije nikawaacha na wasiwasi.)

Mchana nikarudi kula. Akaja na sinia ina samaki wawili, akasimama mbele yangu, "huyu tafi, huyu changu, na yule kule jikoni ni nguru, bado yuwakaangwa." Nikasema changu. Akamweka sahanini kwangu, "haya, huyo sasa ni wako, mwangalie miba."

Nikaacha kula kidogo. Ni samaki yuleyule, hajasogea hata futi moja, mkono wangu na mkono wake ziko karibu zinagusana, lakini alipotua kwenye sahani yangu katoka kwenye huyu akaingia kwenye huyo. Sisi walimu tunafunza huyu ni karibu, huyo ni mbali kidogo, yule ni mbali zaidi, kama vile tunapima na rula, na watoto wanashika hivyo wanapita mtihani. Ile "o" haipimi mita, inamfuata msikilizaji. Hapo ni pako wewe, hicho ni ulicho nacho wewe, hiyo ni uliyoitaja wewe. Ndo maana ukiwa Malindi unazungumza na mtu yuko Lamu kwenye simu, kilomita mia mbili na zaidi kwa barabara, unamwambia "hebu kaa hapo hapo usiondoke", hapo, na wala hupaoni.

Na kesho yake ikaja ya tatu. "Yule samaki wa jana alikuwaje?" Yule, na samaki hayuko popote tena, nshamla. Yuko kwenye kumbukumbu, yake na yangu pamoja, na Bibi anajua kuwa niko nayo ndo anasema yule. Nikamwambia alikuwa mtamu sana, hata nikamsifia samaki mmoja nilikula nyumbani Malindi Idi iliyopita, akaniuliza, "huyo wenu hupakwa nini?" Huyo. Kwa sababu hajamwona, amemjua kutoka mdomoni mwangu tu. Nimeandika hii kwenye daftari palepale mezani na mkono una mafuta.

Kuna siku jirani aliingia kuazima kifuu, Bibi akamwambia "yule punda kaingia tena", na yule jirani akacheka mpaka akashika mlango. Maneno manne tu. Mimi sikuelewa kitu, na Bibi akanigeukia hapohapo bila kuulizwa, "mwanangu, hapa nyuma kuna mtu ana punda wake, kila akimfunga hukata kamba, wiki ilopita kaja hapa kala unga nilokuwa nimeutia kwenye beseni, na leo alfajiri nafungua mlango namuona kasimama." Habari ni ileile moja. Ya kwanza ina "yule" na ina "tena", na hayo mawili yanataka msikilizaji awe na vitu kichwani tayari. Ya pili inaanza na "kuna mtu", manake kwangu huyo mtu hajazaliwa bado. Hakufikiria, haikumchukua hata sekunde, na ndio ninachotaka watu waone, mtu anapima kichwa cha mwenzake kina nini na hakina nini kwa haraka kuliko anavyopima sukari.

Alafu kuna suala la maji. Mjukuu wake ana kama miaka kumi hivi, Bibi akimuita anasema "ndoo, watilie mai wageni", na akigeuka kwangu, jagi ni hilohilo, "maji ya baridi ama ya kawaida, mwanangu?" Mai kwa mjukuu, maji kwangu. Moya kwa mzee wa barazani, moja kwangu. Hiyo ndoo kwa Kiamu, lahaja ya hapa Lamu ama Amu kama wanavyoiita wenyewe, ni njoo, na mgeni wa bara akiisikia atatafuta ndoo ya maji iko wapi, Bibi anajua hivyo kwa hivyo mgeni haitwi ndoo, anaitwa njoo. Watu wengine wanaona mtu akibadilisha lugha hivi anajifanya, anaficha lahaja yake. Mi nakataa. Kuna mtafiti anaitwa Allan Bell, New Zealand huko, alichapisha mwaka 1984 makala ambayo sisi tuliosoma isimu tulisomeshwa. Alisikiliza wasomaji wa habari wa redio ambao walikuwa wanasomea stesheni mbili tofauti kutoka jengo moja mjini Wellington, mtu ni yule yule, kazi ni ile ile, habari karibu zilezile, lakini ile "t" ya katikati ya neno walikuwa wanaitamka namna moja kwenye stesheni hii na namna nyengine kwenye ile. Alipotafuta kilichobadilika akaona ni wasikilizaji tu. Na hao wasomaji hawawaoni wasikilizaji, wako mbele ya maikrofoni na ukuta. Sasa Bibi anawaona, anajua mamake nani na babake nani, ataachaje kubadilika?

Siku ya nne asubuhi akanisogelea na jagi akaniuliza, "wataka mai?"

Sikusema kitu. Nilitoa kikombe. Kwa mtu wa Malindi ambaye alikuja pale hajulikani na mtu, lile neno lilinifanya nimeze mate mara mbili, na najua aliyesoma mpaka hapa ananielewa.

Siku hiyo hiyo nilikaa meza moja na kijana mtalii anayejifunza Kiswahili, anatoka kwa Wabaski, wale walioko mpakani Hispania na Ufaransa. Kwanza aliniuliza hiyo karibuni, alafu akanieleza lugha ya kwao nikamwambia rudia tena pole pole. Kwao ukitaka kusema "amekuja", mtu wa tatu huko ambaye hayuko hapa, unasema etorri da. Lakini ukiwa unamwambia rafiki yako wa kiume, mliozoeana, inakuwa etorri duk. Ukimwambia wa kike, etorri dun. Aliyekuja ni mmoja, kuja ni kule kule, ila kitenzi kinabeba alama ya huyo anayeambiwa, na huyo anayeambiwa hahusiki na huko kuja kabisa! Kwetu "ku" inaingia kama nakutilia, nakuletea, lazima tendo lenyewe likuguse. Kwao unaingia kwa sababu una masikio tu. Akasema na mtu ambaye hamjazoeana hivyo hutumii, unabaki na ile ya kwanza. Nikamtafsiria Bibi, akafikiri kidogo akipepea makaa, akasema, "basi watu hao wakizoeana hawawezi kusema na ukuta." Nimesoma vitabu vya isimu na sijaona mahali imesemwa vizuri kuliko hivyo.

Lakini kama una asubuhi moja tu pale basi uende saa nne, wakati wa yule mzee.

Kuna mzee haoni, anakuja kila siku saa nne na fimbo yake, kahawa na kaimati tatu. Bibi anamsikia fimbo kabla hajafika mlangoni, anaanza kusema mapema, "sabalkheri ami, kidaraja ni kimoya, hapo mbele yako." Sauti yenyewe inamwongoza, hanyamazi mpaka mzee amekaa. Akimaliza hapo anamtajia mzee waliomo ndani, "benchi la dirishani yuko mwalimu, mgeni wetu wa Malindi, na huku yuko yule wako wa mashua." Mara ya kwanza nilidhani ni kututambulisha tu. Alafu nikaona mzee anavyoanza kuzungumza, na nikaelewa kuwa mtu anayeona huingia mahali akazungusha macho akajua nani atamsikia, ndo anachagua la kusema na la kuacha. Mzee hana hayo macho, kwa hivyo Bibi anamwazima ya kwake. Anampa wasikilizaji wake kwanza ndo amwachie azungumze.

Na kikombe. Bibi hamwambii kahawa hiyo hapo. Anagonga kikombe mezani, tok, na wakati uleule anasema "hapa." Sasa hapa ina mahali, imeshikwa na ile sauti, na mkono wa mzee unakwenda moja kwa moja bila kupapasa. Kaimati anamwambia "kulia kwako", na yeye Bibi amesimama wanatazamana, kwake ni kushoto, ila hasemi kushoto hata siku moja, lazima ageuke kichwani mwake akae kwenye kiti cha mzee aangalie kutoka kule. Jaribuni nyinyi mnaosoma, mwelekeze mtu mliyetazamana naye kulia na kushoto kwa haraka, muone mtakosea mara ngapi.

Hapa niseme na upungufu, manake hii ni tathmini na sio mashairi ya kumsifu mtu. Alasiri Bibi huenda kupumzika na anabaki msichana mmoja, na huduma inashuka, nasema kweli. Kabla hujakaa vizuri anakutajia wali samaki wali maharagwe chapati kwa pumzi moja, macho yako mlangoni kwa anayekuja nyuma yako. Chakula ni kilekile, kimepikwa na mkono uleule, na nilikula nikaona kama kimepungua chumvi. Siku ya tano yule mzee alichelewa akaja alasiri, na msichana akaweka kikombe akasema "hicho hapo" akaondoka. Hicho ni sahihi, kikombe kiko kwa msikilizaji, ningemtia alama ya vyema kwenye mtihani. Mzee akapapasa meza, akagusa sahani ya mtu mwengine, akarudisha mkono akaukalia. Mi nikainuka nikamsogezea na nilikuwa nimechelewa, nilipaswa kuinuka mapema.

Bibi alikuwa ametokea mlango wa uani, ameona. Hakumkemea yule msichana wala hakumweleza lolote mbele za watu. Akapita karibu yake akamwambia kwa sauti ya chini, "gonga, mwanangu." Basi. Nami nilikaa mpaka magharibi kwa makusudi, na mzee alipoomba kahawa ya pili msichana akaenda, akagonga kikombe mezani, akasema "hapa ami", mzee akakichukua.

Kwa hivyo kama wauliza kama ni pahala pa kwenda, ndio, enda, na enda asubuhi, uwahi kabla ya saa tatu kwa mbaazi, ukae hadi saa nne. Ijumaa hufunga mapema kwa sala. Usiende na haraka na usiende na kundi la watu kumi, meza hazitoshi. Najua wengi mnakwenda Lamu kwa ajili ya majumba na ile milango ya kuchonga, na ni haki, mji uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001 na majumba yale mtu anaweza kuyaangalia wiki nzima, lakini mlango umeshachongwa umekaa, utakuonyesha wewe kilekile ulichomuonyesha mwengine. Kaa barazani pia usikilize. Na tafadhali usimrekodi Bibi na simu bila kumuomba, kuna mtu nilimuona anafanya hivyo na Bibi akanyamaza kabisa, akawa anajibu ndio na la tu mpaka yule mtu akaondoka. Alijua kuna wasikilizaji ndani ya ile simu asiowajua.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kuaga. Alinifungia mahamri manane kwenye gazeti alafu mfuko juu, nikatoa pesa akakataa. "Haya si yako wewe. Mpe mamako, mwambie nimemsalimia, na umwambie yatiwe moto kwenye kikaango kikavu, asiyatie mafuta tena." Mamangu hajawahi kumuona.

Nilifika Malindi jioni, mama akayatia moto kwenye kikaango kikavu kama alivyoagizwa, akala mawili na chai, akauliza, "huyo Bibi mwenyewe ni wa wapi, wa Amu hasa?" Nikamwambia wa Amu hasa. Akala la tatu.

Jumapili iliyopita tuko jikoni nakuna nazi, ananiambia, "na yule Bibi, ushampigia kumwambia tulifika?"